Mjane wa Mwisho wa Mellingcote

Wiki iliyopita tulimwacha Kasisi Lovibond mbele ya waumini wake, kinywa wazi, miwani imemteremka hadi ncha ya pua. Alikuwa ametoka kutangaza kwa mara ya tatu ndoa ya Elias Penfold, fundi wa kuezeka, na mjane Keziah Tuckwell. Akauliza, kama utaratibu unavyotaka, iwapo yupo anayejua kizuizi. Hakungoja jibu. Miaka yote aliyokaa Mellingcote hakuna mtu aliyewahi kumjibu, kwa hiyo alikuwa ameshaanza kufunua ukurasa unaofuata.

Ndipo sauti ikatoka benchi la tatu. "Nakataza."

Na aliyesimama pale, msomaji wangu, alikuwa bibi harusi mwenyewe.

"Mama Tuckwell," kasisi akasema taratibu, kama anayemwamsha mtu usingizini, "huenda umechanganya mambo. Wewe ndiye unayeolewa."

"Najua, padri. Ndiyo maana nakataza."

Juu kwenye roshani ya wapiga muziki, zeze kubwa la Elias, mmoja wa wapigaji hao, liliporomoka, likagonga sakafu, likalia peke yake. Keziah hakuthubutu kuinua macho. Alimpenda yule mwanamume, alimpenda mno, na sasa alikuwa amemwaibisha mbele ya kijiji kizima siku aliyovaa koti lake jipya.

Lakini aliyechukia kuliko bwana harusi alikuwa Bwana Obadiah Crake, mkulima tajiri wa pale, aliyelijaza benchi la mbele peke yake.

"Haiwezekani," alisema Crake. "Nguruwe ameshachinjwa. Harusi hii nimeigharamia mimi."

"Basi mle nguruwe, Bwana Crake," Keziah akamjibu. "Harusi haipo."

Akajitoa kwenye benchi, akatoka nje kwenye baridi.

Kufumba na kufumbua, Mercy Gudge alikuwa amemdaka mkono langoni. Mercy ni mke wa Amos, mpiga kengele wa kanisa, na sauti yake hufika mbali kuliko kengele ya mumewe.

"Wewe, Keziah, umechanganyikiwa? Mwanamume mzima, kazi anayo, meno anayo, hapigi mtu, halewi ila sikukuu. Unamkataza?"

"Niache kwanza nipumue."

"Pumua huku unasema."

"Asubuhi tulipokuwa tunaingia, Crake kanishika mkono hapa hapa. Kaniambia, 'Hongera, Mama Tuckwell, wewe ndiye wa mwisho. Mwezi wa tatu natia jembe Shamba la Mkate.'"

Mercy akakunja uso. "Natia? Kasema natia?"

"Natia. Vile vile mtu anavyosema habari ya shamba lake."

Mellingcote hata mtoto mchanga anazijua habari za Shamba la Mkate. Karibu miaka mia mbili iliyopita aliishi pale mjane mmoja, Sibyl, mzaliwa wa ukoo wa Crake, ambaye ndugu wa mumewe walimnyang'anya ng'ombe wake wa pekee wakati wa baridi. Alipokuja kuinuka tena, aliacha wosia. Shamba lake lingekodishwa, na kodi hiyo iwanunulie maskini wote wa kijiji mikate na makaa ya mawe mpaka baridi ipite. Sharti lilikuwa moja. Kila Sikukuu ya Mtakatifu Tomaso, kabla kengele ya mchana haijalia, mkate wa kwanza utolewe juu ya kaburi lake, uingie kwenye aproni ya mjane asiye na ng'ombe. Mwaka atakapokosekana mjane wa namna hiyo, shamba lirudi kwa ukoo wa kaka yake mwenyewe.

Na katika ukoo huo, mzima aliyebaki mwenye haki ya kurithi alikuwa mmoja tu, yule mwenye nguruwe.

"Mungu wangu," Mercy akasema kwa sauti ya chini. "Mshenga wa Patience Hobley kwa yule mwenye kinu alikuwa nani?"

"Crake."

"Na Ruth, aliyeolewa na mhunzi?"

"Crake. Na Bibi Joan akamlipia nauli ahamie kwa binti yake mjini. Mwaka mzima huu anawaondoa wajane, mmoja mmoja, na sisi tunamwombea baraka."

"Tunamwombea nini, tumekula. Mimi kwenye harusi ya Ruth nilibeba paja zima." Mercy alionekana kujuta, ingawa si sana.

Elias akawafikia hapo, kofia mkononi, na nyuma yake Amos Gudge akikohoa. Keziah alitaka kukimbia. Akajikaza, akamweleza kila kitu, neno kwa neno. Elias si mtu wa maneno mengi. Alisikiliza mpaka mwisho, uso ukaanza kumkunjuka.

"Kumbe si mimi uliyenikataa."

"Wewe nikukatae kwa lipi?"

"Basi hakuna shida. Jumatano ndiyo Tomaso. Pokea mkate Jumatano, halafu padri atutangaze upya."

"Na mwaka ujao, Elias?"

"Mwaka ujao atapatikana mjane mwingine. Waume za watu hufa kila siku."

Bila kukusudia, wote wakageuka kumtazama Amos, ambaye kikohozi kilikuwa kimemshika tena.

"Msiniangalie mimi," alisema Amos. "Hiki ni kikohozi cha vumbi."

"Nilikwambia uvae flana," Mercy akasema.

Walicheka wote, hata Keziah, halafu kicheko kikaisha na baridi ikabaki pale pale. Keziah aliwaza nyumba za kule chini mtoni, watoto wanaolala chumba kimoja na makaa ya Sibyl ndiyo pekee yanayowapa joto. Watoto watano kati ya hao walikuwa wa Mercy.

"Mtu asipokufa," akasema, "nitabaki mjane mwaka ujao pia. Na mwaka unaofuata. Sina la kufanya, Elias."

Elias akaizungusha kofia yake mikononi.

"Mjini Salisbury wananiita nikaezeke maghala," alisema. "Gari la mizigo linapita hapa Jumatano mchana. Sikutishi, Keziah, na sikulaumu. Lakini siwezi kuishi ng'ambo ya ua wako nikakuamkia kama jirani tu. Mkate ukiingia kwenye aproni yako, mimi napanda gari."

Keziah aliitikia kwa kichwa.

*

Jumatano ikaingia na ukungu mzito. Kabla hakujapambazuka vizuri, Keziah alishtushwa na mlio dirishani pake. Ulikuwa mlio wa ng'ombe, tena ng'ombe anayeteseka.

Alitoka na shali begani. Hakuona kitu ila umbo kubwa limefungwa kwenye mti wa uani. Akalipapasa. Kiwele kilikuwa kimejaa mpaka kimekuwa kigumu, na mnyama alikuwa akihema kwa maumivu.

"Maskini, nani kakuacha hivi?"

Hebu niambie, msomaji, wewe ungefanya nini? Keziah alilelewa kwenye mazizi. Hakuwaza, mikono ndiyo iliyowaza. Akavuta ndoo, akachuchumaa, akakamua. Ng'ombe akatulia, akamlamba sikio. Huko nyuma ya ukungu jua lilikuwa linachomoza.

"Hongera, Mama Tuckwell," sauti ikasema juu ya ua. "Amekukubali."

Ilikuwa sauti ya Crake. Kichwa chake kilichungulia kutoka kwenye ukungu, na kando yake vichwa viwili vya wafanyakazi wake, mashahidi hao, wanapiga miayo.

Keziah alisimama ghafla, ndoo ikapinduka.

"Huyu ng'ombe ni wa nani?"

"Wako. Zawadi ya harusi. Ndoa umekataza, lakini mimi sina kinyongo. Na umemkamua kabla jua halijatoka, tumeona watatu."

Mellingcote mnyama wa zawadi haandikishwi popote. Ukishamkamua, umempokea, na hakuna wa kukubishia. Desturi hiyo kila mtu anaijua, na Keziah aliijua kuliko wengi. Pale juu ya kaburi, kasisi huuliza swali moja tu: jua lilipochomoza leo, ulikuwa na ng'ombe?

"Mrudishe kwako," alisema.

"Zawadi hairudishwi, mama. Tuonane kaburini." Kichwa kikapotea, na Keziah akasikia kicheko kikienda zake barabarani.

Mercy alipopata habari hizo alifika mbio, unga wa mkate bado mikononi.

"Utasema hukumkamua," alisema.

"Nimemkamua."

"Nasikia. Nasema utasema hukumkamua. Ni neno lako dhidi ya la Crake na vibarua wake, na Crake hakuna anayempenda."

"Juu ya kaburi la Sibyl, Mercy? Nidanganye pale?"

"Sibyl atakuelewa, naye alikuwa mwanamke."

Keziah akaketi kizingitini. Jambo lililomuuma zaidi alilisema kwa sauti ndogo. "Nikidanganya, maskini watapata mikate na mimi nitamkosa Elias. Nikisema kweli, nampata Elias na ninyi mnakosa makaa. Watu watasema nimeupenda ukweli kwa sababu una mume ndani yake."

Mercy alimtazama. "Na wewe mwenyewe unasemaje?"

"Sijui. Ndiyo maana naogopa."

*

Mchana ulipokaribia, kijiji kizima kilikuwa makaburini. Mikate ilikuwa kwenye vikapu juu ya jiwe la Sibyl, ya moto, inanukia mpaka mate yanakutoka. Elias alisimama ukutani, upande wa barabara, ngazi begani na furushi miguuni. Ng'ombe naye alikuwepo, maana Crake alikuwa ametuma aletwe kama ushahidi, na sasa alikuwa anatafuna maua ya kaburi la mtu.

Kwa vile ukungu ulikuwa umeifunika saa ya jua iliyochongwa ukutani mwa kanisa, mchana wa Mellingcote siku hiyo ulikuwa mikononi mwa Amos Gudge. Mchana ungeingia atakapovuta kamba.

"Amos," Mercy alipaza sauti kuelekea mnarani, "ukiivuta hiyo kamba kabla sijakwambia, leo unalala na mbwa."

"Mkono unachoka," sauti ya Amos ikajibu.

"Badilisha mkono."

Kasisi Lovibond akachukua mkate wa kwanza. Keziah akasogea mbele, aproni imetandazwa.

"Keziah Tuckwell, wewe ni mjane?"

"Ndiyo, padri."

"Jua lilipochomoza leo, ulikuwa na ng'ombe?"

Keziah alimwona Mercy anatikisa kichwa kwa nguvu. Aliwaona watoto wa Mercy wamekodolea vikapu macho. Alimwona Elias, na Elias hakuwa anafurahi hata kidogo, alikuwa ameinamisha kichwa. Chini ya miguu yake mwenyewe alikuwamo mwanamke aliyenyang'anywa ng'ombe na akaiweka kumbukumbu hiyo kwenye swali. Keziah akaona hawezi kudanganya.

"Nilikuwa naye, padri," alisema. "Yule pale. Nimemkamua mwenyewe."

Watu wakaguna kwa pamoja. Kasisi akashusha mkate taratibu.

"Kuna mjane mwingine?" aliuliza.

"Hakuna," Crake akasaidia. "Mimi mwenyewe nimewahesabu. Amos, piga kengele, tusikae kwenye baridi."

"Amos, thubutu," Mercy akasema.

Na hapo hapo lango la makaburi likafunguliwa kwa teke.

Aliyeingia alikuwa bibi kizee mfupi, matope hadi magotini, ndoo mkono huu, kigoda cha kukamulia mkono ule. Alikuwa Bibi Tabitha Crake, mama yake Obadiah. Kasisi alivua kofia yake haraka mno, akaiangusha.

"Nani kamwiba Primrose wangu?" Bibi Tabitha aliuliza. "Tangu alfajiri nazunguka mabondeni kama kichaa." Kisha akamwona ng'ombe. "Ah. Upo hapa unakula maua ya Bwana Finch. Nani kakuleta?"

Kila mtu akamtazama Obadiah. Obadiah akatazama viatu vyake.

"Mama, nenda nyumbani, tutaongea."

"Tutaongea hapa. Umemtoa ng'ombe wangu zizini?"

"Nimempa Mama Tuckwell zawadi."

"Una ng'ombe wamejaa zizi, Obadiah. Ukamchagua wangu?"

"Ndiye mzee kuliko wote," alisema Crake, na kwa hilo alikuwa mkweli kabisa. Hata katika kuiba shamba alikuwa amebana matumizi.

Watu wakaanza kucheka. Kasisi Lovibond, miwani mkononi, alikuwa ameanza kung'amua jambo, na sauti yake ikapata nguvu.

"Bwana Crake, ngoja kidogo. Kama ng'ombe ni wa mama yako, hukuwa na haki ya kumgawa. Kama hukuwa na haki, Mama Tuckwell hana ng'ombe, wala hajawahi kuwa naye. Mkate ni wake."

Kelele za furaha zikalipuka. Mercy alimkumbatia mtu ambaye hawasalimiani. Ila Keziah alibaki amesimama, aproni mikononi, moyo umemshuka. Mkate ulikuwa unamjia. Barabarani alisikia magurudumu ya gari la mizigo, na Elias alikuwa ameshainama kuchukua furushi lake. Keziah akajikuta anaomba kimoyomoyo kwamba Crake aseme uongo, aseme ng'ombe si wa mama yake, na papo hapo akaona haya kwa ombi hilo. Bibi Tabitha hakuwa na kitu kingine duniani.

"Nasubiri, Bwana Crake," kasisi alisema. "Ng'ombe ni wa nani?"

Crake alikuwa amewiva uso. Aliliona shamba linamtoka mkononi, na akafanya kama afanyavyo mtu mwenye tamaa, akalishika kwa nguvu zaidi.

"Wangu," alisema.

"Alinipa marehemu baba yako," Bibi Tabitha akasema. "Akiwa kitandani. Wewe ulikuwepo."

"Baba aliniachia mimi zizi. Kila chenye kwato pale ni changu."

"Nimemkamua mimi miaka yote hii."

"Umemkamua kwa niaba yangu, mama. Kama mfanyakazi mwingine yeyote."

Hakuna aliyecheka tena. Bibi Tabitha aliweka ndoo chini. Akaweka na kigoda. Keziah aliyaona macho yake yamejaa machozi, akataka kwenda kumshika, lakini yule bibi alikuwa ameinua kidole.

"Rudia, mwanangu. Nilizaa mmoja tu, nataka nimsikie vizuri. Mimi nina ng'ombe, au sina?"

"Huna."

"Jua lilipochomoza leo?"

"Hukuwa naye leo, hukuwa naye jana. Huna ng'ombe, mama, hujawahi kuwa na ng'ombe. Wote hapa mmesikia."

"Tumesikia," alisema Bibi Tabitha.

Akafuta macho kwa kiganja, akanyoosha kofia yake, akapita mbele ya mwanawe hadi kwenye jiwe la Sibyl, akasimama kando ya Keziah. Kisha akashika ncha mbili za aproni yake iliyojaa matope, akaitandaza.

"Haya, padri," alisema. "Niulize mimi."

Ilichukua muda kidogo kuwaingia. Mercy ndiye aliyeanza, akapiga ukelele hata kunguru wa mnarani wakaruka wote. Kasisi Lovibond alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja.

"Tabitha Crake, wewe ni mjane?"

"Unajua, padri, wewe ndiye uliyemzika."

"Jua lilipochomoza leo, ulikuwa na ng'ombe?"

"Sikuwa naye. Mwanangu ndiye shahidi wangu."

Mkate ukaingia kwenye aproni. "Sasa, Amos," Mercy akaita, na kengele ikalia juu ya vichwa vyao, ikalia ovyo kabisa, kwa sababu Amos alikuwa anacheza nayo. Vikapu vikafunguliwa. Watoto wakaungua vidole kwa mkate wa moto. Crake alisimama katikati ya yote hayo, kila mtu anampita kwa adabu.

Keziah alimwangukia Bibi Tabitha shingoni.

"Nisamehe, mama. Niliomba aseme vile."

"Hata mimi niliomba," bibi akamnong'oneza. "Nilikuwa natafuta sababu ya kuondoka nyumba ile. Sikujua kama itauma hivi, lakini nimeipata."

Ndipo Keziah akakumbuka barabara. Akageuka. Gari la mizigo lilikuwa limeshapinda kona, na juu ya magunia ilionekana ncha ya ngazi ndefu ikipotelea kwenye ukungu. Ukutani hapakuwa na mtu.

"Elias," alisema.

"Naam," sauti ikajibu nyuma yake.

Alikuwa amesimama pale, furushi kwapani, vipande vya mkate mdomoni.

"Ngazi yako," Keziah akasema, kwa kukosa la kusema.

"Imekwenda Salisbury peke yake. Nilikuwa nimeshaipakia niliposikia Mercy anapiga kelele." Akameza. "Bado unanitaka?"

"Nina ng'ombe sasa, nitachagua wanaume," alisema Keziah, huku machozi yanamtoka, na akamshika mkono mbele ya watu wote bila kuona aibu yoyote.

"Ng'ombe huyo ni wako kweli," kasisi akathibitisha. "Bwana Crake kasema ni wake, na alikupa mbele ya mashahidi."

"Basi namrudisha kwa Bibi Tabitha."

"Usithubutu," bibi akasema. "Mwaka ujao nitaulizwa tena. Akae kwako, mimi nitakuja kumkamua kila siku, ila asubuhi ya Tomaso nitalala mpaka jua liwe juu. Ninachotaka ni pa kulala. Kule sirudi."

"Chumba changu kitakuwa wazi nikishaolewa," Keziah akamwambia.

"Hapana," kasisi akasema.

Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, na watu wakageuka. Kasisi Lovibond, mgane aliyefiwa na mkewe miaka minane iliyopita, alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili na kuifinyanga kabisa.

"Nyumba ya kasisi ina vyumba sita," alisema. "Mimi nalala kimoja. Bibi Tabitha, mimi, hivi, kwa muda mrefu nimekuwa nataka kukuuliza. Kama ungekubali kuja pale. Si kama mgeni. Kama mke."

Wote wakaacha kutafuna. Kisha kutoka katikati ya umati kikasikika kicheko kidogo, cha furaha safi. Obadiah Crake alikuwa ameinua kichwa. Rangi ilikuwa imemrudia usoni.

"Padri," alisema, akimwendea kasisi mkono umenyooshwa, "karibu katika ukoo. Nguruwe ni juu yangu."

Wote wakaelewa kwa pamoja: Bibi Tabitha akiolewa, na Keziah akiolewa, mwaka ujao mjane hayupo. Mercy akaweka mkate wake chini. Keziah akamtazama Bibi Tabitha usoni, akitafuta pale jibu la kumtuliza, akaona yule bibi anatabasamu kama msichana. Mkono wa Keziah ukalegea ndani ya mkono wa Elias.